Mwanao anataka timu ya shule? Mwandae kwanza

Shule zikifunguliwa, ubao wa matangazo hujaa karatasi. Iko moja ambayo wanafunzi huisoma kwa makini kuliko nyingine zote: ile inayotaja siku mwalimu wa michezo atakapochagua timu. Hapo ndipo kijana aliyeacha mpira akiwa na miaka 11, na ambaye sasa ndevu zinaanza kumchipuka, hujiambia kwamba mwaka huu naye atajaribu. Husafisha viatu vya kaka yake, hukimbia mara mbili kuzunguka mtaa, kisha hujitokeza uwanjani.

Huu ni uamuzi mwema, na mzazi hana sababu ya kuupinga. Kijana anayecheza hulala vizuri, hujenga mifupa imara na hupata marafiki wa maana. Isitoshe, katika mtaala mpya wa umilisi, Sanaa na Michezo ni mojawapo ya mikondo 3 ya shule ya upili ya juu, kwa hivyo mchezo si jambo la kupotezea wakati tena. Tatizo ni kwamba baada ya siku ya uteuzi, huku Kahawa Sukari na mitaa jirani, sisi madaktari huanza kuwapokea vijana wanaochechemea. Wengi wao hawakupigwa teke na mtu yeyote. Waliumizwa na haraka yao wenyewe.

Leo, msomaji, tutazungumzia mwanafunzi anayerudi mchezoni baada ya miaka mingi. Tutaeleza ni nini hasa hutokea ndani ya mwili wake, ni nani anayepaswa kumwona daktari kabla ya kukimbia, na ni kwa nini maandalizi ya majuma 6 au 8 huleta tofauti kati ya kupata nafasi katika timu na kukaa nyumbani muhula mzima mguu ukiwa kwenye plasta.

WENGI WALIACHAJE?

Sababu ni nyingi na si lazima kijana awe mvivu. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2021. Watoto wengi waliokuwa wakicheza kila jioni walikaa ndani miezi hiyo yote na hawakurudia mchezo tena. Wengine waliacha walipofika darasa la mtihani. Wengine walihama shule, wakaugua, au walivunjika moyo baada ya kuachwa nje ya timu.

Halafu kuna suala la nafasi. Kutoka Kahawa Wendani hadi Ruiru na Thika, viwanja vingi ambavyo watoto walichezea vimeota majumba ya kupangisha. Mtoto anayepanda gari kabla ya jua kuchomoza na kurudi giza likiingia, akikaa darasani saa zote zilizobaki, hana pa kuchezea wala wakati wa kucheza. Baada ya miaka 3 au 4 ya maisha hayo, mwili wake si ule wa zamani.

AKILI INAKUMBUKA, KANO HAZIKUMBUKI

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi alielewe. Ufundi wa mchezo huhifadhiwa kwenye ubongo, na ubongo hausahau upesi. Mtu aliyejua kuendesha baiskeli akiwa mtoto ataiendesha hata baada ya miaka 10. Vivyo hivyo kijana wako akigusa mpira, chenga za zamani hurudi siku hiyo hiyo. Anajiona yuko tayari.

Pumzi nayo hurudi mapema kiasi. Mtu akiacha mazoezi, uwezo wa moyo na mapafu huanza kushuka katika majuma machache tu, lakini akianza upya huona nafuu baada ya majuma 2 hadi 4. Misuli pia hupata nguvu mapema.

Viungo vinavyochelewa ni kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa, pamoja na nyuzi zinazoshikanisha mfupa mmoja na mwingine, na mifupa yenyewe. Hivi hupata damu kidogo kuliko misuli, na huhitaji miezi kukomaa. Kwa hivyo huja kipindi cha hatari, aghalabu kati ya juma la 2 na la 6, ambapo kijana ana pumzi na nguvu za kukimbia kwa kasi lakini kano zake haziwezi kuhimili kasi hiyo. Ni kama kulitia basi injini mpya ilhali breki ni zile kuukuu.

Juu ya hayo, kijana amekua. Katika kilele cha kubalehe, mvulana anaweza kurefuka sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja, na msichana karibu sentimita 8. Wasichana wengi hufika kilele hicho wakiwa na miaka 12 hivi, na wavulana miaka 14. Mifupa hurefuka kwanza, misuli hufuata nyuma ikiwa imekazana. Mtoto aliyekuwa na miguu mifupi na mwili mwepesi alipoacha mpira, sasa ana miguu mirefu na kilo nyingi zaidi za kusimamisha anapogeuka ghafla.

Zaidi ya hayo, karibu na ncha za mifupa ya kijana kuna sehemu laini ambazo ndizo mfupa unaporefukia. Msuli wenye nguvu ukivuta ghafla, sehemu hiyo huumia kabla ya kano. Ndiyo sababu vijana hupata uvimbe wenye maumivu chini kidogo ya goti, ugonjwa tunaouita Osgood-Schlatter, au maumivu nyuma ya kisigino. Mara nyingine, kijana anayetimua mbio bila maandalizi husikia kitu kikikatika nyongani, na picha ya eksirei huonyesha kwamba kipande cha mfupa kimeng'olewa na msuli.

Usidhani haya ni ya wanafunzi tu. David Rudisha aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka 2012. Mwaka uliofuata aliumia goti na kukosa mashindano ya dunia ya Moscow. Aliporudi mwaka 2014 hakuwa yule wa London, na katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow alishindwa na Nijel Amos wa Botswana. Hakukata tamaa. Alishinda dhahabu ya dunia Beijing mwaka 2015 na ya Olimpiki Rio mwaka 2016. Ikiwa bingwa wa Olimpiki mwenye kocha na madaktari alihitaji muda mrefu kiasi hicho, mwanao aliyekaa miaka 4 bila kukimbia anahitaji zaidi ya mizunguko miwili ya mtaa.

NANI AMWONE DAKTARI KWANZA?

Vijana wengi wenye afya hawahitaji vipimo vya gharama kubwa. Lakini kabla ya mazoezi kuanza, keti na mwanao umuulize maswali haya. Je, amewahi kuzimia au kukaribia kuzimia akiwa anakimbia? Je, huhisi maumivu kifuani anapofanya kazi ngumu? Je, moyo wake hudunda ovyo bila sababu? Je, huishiwa na pumzi kuliko wenzake wa rika lake? Nawe mzazi ujiulize: je, katika ukoo wetu kuna mtu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50 bila sababu kujulikana?

Jibu moja la ndiyo linatosha kumpeleka kwa daktari kabla ya kumruhusu kukimbia. Kuzimia gwaridani baada ya kusimama juani kwa muda mrefu mara nyingi si jambo kubwa. Kuzimia katikati ya mbio ni jambo jingine kabisa. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha kwamba msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kawaida.

Hapa Afrika Mashariki tuna adui mwingine wa moyo. Mtoto akiugua koo kutokana na bakteria fulani na asitibiwe ipasavyo, anaweza kupata homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Hushambulia zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Kijana anaweza kuishi na tatizo hilo bila kujua mpaka siku atakapokimbia kwa nguvu. Daktari akisikiliza kifua kwa makini anaweza kusikia mlio usio wa kawaida, kisha ampeleke kijana kupigwa picha ya moyo. Hospitali kubwa zilizo karibu nasi, kama ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na ile ya Thika Level 5, ndizo pa kuanzia endapo daktari wako ataona haja.

Mwenye pumu anaweza kucheza, na wapo wanariadha wakubwa wenye pumu. Lakini dawa zake za kila siku azitumie ipasavyo na pampu iwe karibu na uwanja, si kwenye sanduku bwenini. Ikiwa anahitaji pampu mara kwa mara, pumu yake haijadhibitiwa na amwone daktari. Mwenye selimundu asifanye mazoezi makali bila ushauri wa daktari wake, na ni lazima anywe maji ya kutosha.

WASICHANA WANAHITAJI NINI ZAIDI?

Msichana anayetoka damu nyingi kila mwezi anaweza kuwa na upungufu wa damu. Huchoka upesi, kichwa humzunguka, na kocha humwita mvivu. Kipimo cha damu ni cha bei nafuu na hutoa jibu. Maini, nyama, maharagwe, ndengu na mboga za majani husaidia, hasa vikiliwa pamoja na chungwa. Chai inywewe mbali na mlo, kwani hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa na mwili.

Wasichana pia huchanika nyuzi za ndani ya goti zaidi ya mara mbili kuliko wavulana katika michezo inayofanana. Mazoezi ya kujifunza kuruka na kutua huku magoti yamekunjwa, bila kuyaacha yaelekee ndani, hupunguza hatari hiyo.

Wapo pia wasichana waliorudi shuleni baada ya kujifungua, na sera za elimu nchini zinawapa haki hiyo. Hao nao wana haki ya kucheza. Waanze kwa kutembea na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, wala wasianze kukimbia kabla ya miezi 3 kupita. Mkojo ukivuja, au wakihisi uzito sehemu za chini, waende kliniki. Si jambo la kuonea haya.

RATIBA YA MAJUMA SITA

Majuma 6 ni kiasi cha chini. 8 ni bora. Angalia kalenda. Raga ya wachezaji 15, mpira wa vikapu, mpira wa mikono na magongo kwa kawaida huchezwa muhula wa kwanza, kwa hivyo likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo wakati wa kujiandaa. Kandanda, voliboli na netiboli huchezwa muhula wa pili. Anayezitaka asingoje likizo ya Aprili, kwani ni fupi mno. Aanze katikati ya muhula wa kwanza.

Juma la 1 na la 2, afanye mazoezi siku 3, akipumzika siku moja katikati. Atembee haraka dakika 3, akimbie polepole dakika 1, arudie kwa dakika 20 hadi 30. Kipimo ni hiki: aweze kusema sentensi nzima bila kuhema. Asiyeweza anakimbia kwa kasi kupita kiasi.

Juma la 3 na la 4, akimbie polepole dakika 20 mfululizo. Aongeze mazoezi ya nguvu mara 2 au 3 kwa juma: kuchuchumaa na kusimama, kunyanyuka kwa vidole vya miguu, kuinua nyonga akiwa amelala chali, na kusimama kwa mguu mmoja. Haya hayahitaji vyuma wala pesa. Ngazi ya nyumba ya kupangisha yatosha.

Juma la 5 na la 6 ndipo aanze mbio za kasi, kugeuka ghafla, kuruka na kucheza na wenzake. Aanze na mbio fupi 4 au 5, asiende kwa nguvu zake zote siku ya kwanza. Siku 3 za mwisho kabla ya uteuzi apunguze mazoezi ili mwili upumzike.

Kila siku aanze kwa kupasha mwili moto kwa dakika 15 hadi 20. Shirikisho la kandanda duniani, FIFA, lina mpango wa mazoezi hayo uitwao 11+, na uchunguzi katika nchi kadhaa umeonyesha kwamba timu zinazoufuata hupunguza majeraha kwa theluthi moja au zaidi. Mwalimu wa michezo yeyote anaweza kuufunza.

Je, maumivu yakija? Uchovu wa misuli unaoisha kwa siku moja au mbili ni wa kawaida. Maumivu yanayozidi kadiri anavyokimbia, yanayomchechemesha, au yaliyo mahali pamoja juu ya mfupa wa muundi, ni ishara ya kusimama na kupimwa. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

MKONO UNAORUSHA

Mpira wa mikono, mkuki na besiboli huchosha bega na kiwiko. Besiboli si mchezo wa wengi kwetu, lakini majirani zetu wameonyesha uwezo: mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto, Little League, huko Williamsport, Marekani. Shirika hilo huhesabu kila mrusho wa mtoto anayerusha kwa mpigaji. Mwenye miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidisha mirusho 85 kwa siku, mwenye miaka 13 hadi 16 mirusho 95, na akirusha mara nyingi hulazimika kupumzika siku kadhaa. Ikiwa wanaorusha kila juma huwekewa mipaka hiyo, anayerudi baada ya miaka aanze na mirusho 20 au 30 ya umbali mfupi, siku 2 au 3 kwa juma, akiongeza kidogo kidogo.

MAMBO MATATU YA KUEPUKA

Kwanza, dawa za maumivu kabla ya mazoezi. Vijana hununua vidonge vya diclofenac au ibuprofen dukani na kuvimeza asubuhi ya uteuzi. Dawa hiyo haiponyi kano. Inazima kengele tu huku nyumba ikiungua. Aidha, mwili ukiwa umepungukiwa na maji, dawa hizo zinaweza kudhuru figo.

Pili, vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu. Vina kafeini nyingi na sukari nyingi, na moyo wa kijana hauhitaji vyote viwili. Maji safi, ndizi, uji na githeri humtosha mwanafunzi.

Tatu, kukesha. Kijana anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Mwili hujirekebisha usiku. Anayelala saa 5 kwa sababu ya simu huumia upesi.

AKIUMIA, FANYA HIVI

Kifundo cha mguu kikiteguka, usimpeleke kukandwa kwa mafuta ya moto. Siku 2 za kwanza, kumchua na kumkanda kwa joto huongeza uvimbe. Aache kucheza, ainue mguu, afungwe bandeji isiyobana sana, na awekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Asipoweza kupiga hatua 4, au mfupa ukiuma unapobonyezwa, apigwe eksirei. Goti likilia 'pa' na kuvimba katika saa chache, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Akigongwa kichwa kisha akachanganyikiwa, akatapika au akasahau yaliyotokea, atoke uwanjani na asirudi siku hiyo hata akidai yuko sawa. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena au akilala usingizi usio wa kawaida, akimbizwe hospitali.

Na kijana akianguka bila kugongwa na asiamke wala kupumua sawasawa, msimmwagie maji. Iteni msaada, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita, mpaka msaada ufike. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake ulisimama kwa dakika 78, lakini waliokuwepo walianza kumkandamiza kifua papo hapo, na yu hai. Kila mwalimu wa michezo anapaswa kujifunza ujuzi huu.

KAMA WAKATI HAUTOSHI

Huenda unasoma haya na uteuzi ni juma lijalo. Usimkataze, wala usimsukume. Mshauri aende kwa mwalimu wa michezo, aseme ukweli kwamba amekaa miaka kadhaa bila kucheza, na aombe kufanya mazoezi na timu hata kama hatachaguliwa muhula huu. Makocha wengi humkumbuka mwanafunzi anayekuja mazoezini kila jioni kuliko yule aliyeng'ara siku moja kisha akalemaa.

Nawe mzazi, usipime thamani ya mwanao kwa jezi. Akirudi nyumbani bila jina lake kwenye orodha, lakini amepata pumzi, usingizi na hamu ya kula, tayari amepata faida. Na siku orodha ya muhula ujao itakapobandikwa, atasimama uwanjani akiwa na miguu inayoweza kumbeba. Mpe ukurasa huu ausome mwenyewe, kisha mchukue kalenda mhesabu majuma pamoja.